Blanketi ya Nyanya Annonciata

"Dorothée, hii blanketi muliinunua ao mulipewa?"

Mama Léontine aliuliza hivyo asubuhi moja ya mwaka 1968, huko Kingi, katika milima ya Masisi. Jirani yake, Mama Dorothée, alikuwa anaanika blanketi juu ya ua wa nyumba yake. Ilikuwa mpya, ya rangi ya majivu, na mistari myekundu pembeni.

"Tulipewa," Dorothée alijibu na kucheka. "Papa Léopold njo aliniletea, ule muntu wa kampuni ya machimbo. Alinikuta wakati tunatoka misa. Alisikia nyanya anakohoa, akasema: Mama, chukua, umufunike muzee."

Léontine hakucheka. Aligusa pembe ya blanketi, akaiacha haraka kama mtu aliyegusa chungu cha moto.

"Hakuomba kitu?"

"Aliuliza tu kama tuko na kijana. Nikamuambia tuko na Hilaire. Akasema, vizuri, nitapita Jumatatu. Akaenda."

"Aa, Dorothée! Ngoja bwana yako afike."

Kingi ni pahali pa baridi. Ukungu unashuka mlimani na kuingia hata ndani ya nyumba. Nyanya Annonciata, mama wa Papa Léonard, alikuwa mzee sana, na mifupa ilimuuma. Lakini tangu blanketi ile ifike, kila asubuhi alisema: "Nililala kama mutoto mwenye ameshiba." Dorothée alifurahi. Alimuombea Papa Léopold katika rozari yake.

Saa sita bwana yake, Papa Léonard, alirudi kutoka shamba la mbali la maharagi, alikolala siku kadhaa pamoja na mtoto wao Hilaire, kijana wa miaka kumi na tisa. Léonard aliona blanketi juu ya ua. Jembe lilimponyoka.

"Nani aliingiza kitu hiki hapa kwangu?"

"Ni zawadi ya Papa Léopold," Dorothée alisema.

"Zawadi! Wakati wa Wabeleji, blanketi njo ilikuwa kamba."

Alikaa chini.

"Nilikuwa na miaka ya Hilaire. Leta, ni kusema serikali, ilimuagiza shefu atoe watu wa kukata njia. Shefu akamutuma kapita, musimamizi wake. Kapita alipita nyumba kwa nyumba na chumvi na blanketi. Nyumba yenye ilishika blanketi, kijana wake alikuwa amekwisha kwenda. Nyumba yenye ilikataa, baba alifungwa. Mama yangu alishikishwa blanketi kwa nguvu. Walinipeleka chini, katika pori la Walikale. Sisi tulizoea baridi. Kule ni joto na mbu. Homa ilituangusha kama migomba kwenye upepo. Mwenye alikimbia alirudishwa kwa fimbo."

Dorothée alianza kulia. "Nitairudisha leo!"

"Haiwezekani. Imekwisha kulaliwa. Blanketi yenye imelaliwa hairudi, njo sheria yao. Jumatatu Léopold atakuja na motokari, amuchukue Hilaire. Tumekwisha kumutoa mutoto wetu, Dorothée."

Ndani ya nyumba kikohozi cha Nyanya kilinyamaza. Alikuwa anasikiliza. Hilaire alisimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama.

Kabla jua halijashuka, Mama Léontine alirudi pamoja na bwana yake, Papa Athanase. Athanase alizaliwa Mpofi, huko Walikale. Alifanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya mawe, kisha akaja kuoa Kingi. Hata siku ya huzuni, Léonard hakuweza kuacha kumtania.

"Muntu wa pori, ingia. Nyama ya pori haiko. Kuko maharagi tu."

"Ninyi watu wa maharagi, tumbo zenu zinasikika mpaka Mpofi," Athanase alijibu. Akakaa. "Papa Léonard, bibi yangu alisikia yote pale kwenye ua, akaniambia. Maneno yako ni ya kweli. Wazee wetu pia walikamatwa vile. Lakini ile kamba imekatika. Mwaka jana kulitoka sheria mupya ya kazi. Inakataza kazi ya lazima."

"Léopold anasema anatumwa na Leta."

"Léopold ni muntu wa kampuni. Anavaa kaki ili umuogope. Leta ni Leta, kampuni ni kampuni. Na hata Leta haina ruhusa ya kukukamatia mutoto aende kuchimbia kampuni mawe."

"Na blanketi?"

"Blanketi haina kinywa. Haiwezi kusema ndiyo pa nafasi ya muntu."

"Na sisi wazazi?" Dorothée aliuliza. "Mimi niliipokea na mikono yangu."

"Hata ninyi hamuwezi kuitika pa nafasi yake. Hilaire ni muntu mukubwa. Mwenye anaenda kazi njo mwenye anaitika." Athanase akageuka. "Na wewe, Hilaire, unasema nini?"

Hilaire alitazama miguu yake.

"Mimi, hakuna mwenye aliniuliza."

Dorothée alifunika kinywa na mkono. Ilikuwa kweli. Walilia juu yake, waligombana juu yake, na yeye alikuwa pale pale.

"Sikatai kazi," Hilaire aliendelea. "Papa Athanase alikwenda, akarudi na kifua cha nguvu kama cha ngombe. Lakini nataka kujua: nitafanya kazi gani? Kwa muda gani? Na nani atanirudisha nyumbani?"

"Umuulize Léopold maneno yale yale," Athanase alisema. "Kontra ya kweli, ile karatasi ya mapatano ya kazi, inajibu yote. Inasema kazi, pahali, muda, mushahara, munganga ukigonjwa, na safari ya kurudi. Uisome mbele ya kuweka kidole. Kama kuna pahali haujue kusoma, ulete muntu mwenye unaamini, akusomee. Na uombe dawa ya homa mbele ya kushuka, kwa sababu watu wa mulima wanaanguka haraka kule kwetu. Kisha unaweza kusema ndiyo, ao unaweza kusema hapana. Kama hauwezi kusema hapana, ile si kontra."

Jumatatu asubuhi motokari ililia barabarani. Papa Léopold alipanda kilima na kofia yake ya kaki. Dorothée alimpa kiti. Alitaka kumrudishia blanketi, lakini tangu alfajiri alikuwa ameitafuta bila kuiona. Majirani walisimama kando ya ua wakitazama.

"Hilaire iko wapi?" Léopold aliuliza. "Leta inangoja."

"Niko hapa, Papa. Ninauliza: ni kazi gani?"

"Utaona kule."

"Kwa muda gani?"

"Utaambiwa kule."

"Na kontra yenyewe iko wapi, niisome?"

"Kijana, maneno gani hii mengi! Blanketi yangu ililaliwa hapa ao haikulaliwa?"

"Ililaliwa!" sauti ilijibu ndani ya nyumba.

Nyanya Annonciata alitoka polepole. Alijifunga kikwembe chake cha misa. Rozari ilikuwa shingoni, jembe mkononi, na blanketi imekunjwa vizuri juu ya kichwa.

"Mimi njo niliilalia. Hilaire hakuigusa hata na kidole. Kama blanketi yako inachukua watu, imenichukua mimi. Twende. Motokari iko wapi?"

Majirani walipasuka kwa kicheko.

"Nyanya, kaa chini," Léopold alisema.

"Sikai! Mara ya kwanza walileta blanketi kwangu, walinichukulia Léonard, na mimi nikakaa. Leo nakwenda. Lakini unipe dawa ya kikohozi. Na jioni munirudishe, kwa sababu niko na kuku."

Léonard alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi hayo hayakuwa ya kicheko peke yake. Alisimama karibu na mama yake, akamshika mkono.

"Papa Léopold," alisema, "siku utaleta kontra, utapata kiti na maharagi ya moto. Leo uchukue kitu chako."

Nyanya alishusha blanketi, akaiweka juu ya magoti ya Léopold.

"Aksanti," alisema. "Ilikuwa na joto. Mungu akubariki kwa ile joto."

Mama mmoja aliingia uani na blanketi ya rangi ile ile. Mwingine alimfuata. Kumbe Léopold alikuwa amepita nyumba nyingi. Wakaziweka juu ya magoti yake, moja juu ya nyingine, mpaka zikafika kidevuni.

Tangu siku ile, mjukuu mdogo Adelaïde alianza kulala mgongoni mwa Nyanya, karibu na moto, na Nyanya alisema mtoto ana joto kushinda blanketi. Hilaire alivuna maharagi na baba yake. Mwaka uliofuata alipata kazi kwenye shamba la chai, na kontra aliyoisoma mara mbili, na kwa Noeli alirudi nyumbani mzima, kama ilivyoandikwa.

Lakini hayo yalikuja nyuma. Asubuhi ile Léopold alikuwa bado amekaa nyuma ya blanketi zake.

"Papa, haujanijibu," Hilaire alisema kwa heshima. "Nani atanirudisha nyumbani?"

Léopold alimtazama Hilaire. Alimtazama Nyanya na jembe lake. Kisha alisimama, akakumbatia blanketi zote, akashuka nazo kilima mpaka kwenye motokari.