Ufa wa Tuta la Wema

Kilianza kitu kidogo tu: tope bichi juu ya kipanya cha kompyuta, mchana kweupe, na mafuriko yalishakauka Garsen miezi minne nyuma.

Huka akalifuta. Alikuwa akichora upya kwenye kompyuta tuta la kuzuia mto la kijiji cha Wema, lililobomolewa na mafuriko hayo, ili lijengwe tena. Mchoroni lilikuwa vipande viwili, cha zamani na kipya, na kazi yake ilikuwa kuviunganisha viwe kitu kimoja, ndipo kompyuta ipitishe mafuriko ya kuigiza na kuonyesha kama litahimili. Akaviunganisha. Vikaachana. Akaviunganisha tena, na safari hii ufa ukafunguka polepole mbele ya macho yake, mwembamba kama uzi, na ndani yake akasikia maji.

"Swabra, unasikia?" akanong'ona.

"Nasikia feni tu, kaka Huka," mwenzake wa ofisini akajibu, akijiziba pua kwa mtandio. "Lakini mbona kunanuka mto?"

Siku tatu mfululizo, kila ilipoadhiniwa adhuhuri, harufu ilipanda, na maji yakanguruma, na ndani ya maji sauti ya mwanamke ikauliza taratibu, kama mtu anayebisha kwa jirani, ni nani aliyeyaachia maji mlango wazi, mpaka Huka akakimbilia kwa Maalim Abdinur bila viatu.

Maalim akamsomea Kurani.

"Jini huyu amevaa sauti ya marehemu. Kisomo changu hakimtoi. Wewe unamjua marehemu huyo, mwanangu?"

Huka akalia. Alimjua. Mwaka jana kompyuta ilimwonya kwamba vipande havijashikana. Yeye alikuwa na haraka ya kwenda kula Idi kwao, Mungu amsamehe, akaandika kwenye ripoti kuwa vimeungana. Tuta likajengwa hivyo hivyo. Mafuriko yalipokuja, maji yakapita pale pale penye ufa, yakamchukua Hope, mke wa mzee Komora.

"Basi nenda kwa mumewe, ukamwambie," Maalim akasema.

Komora alikuwa shambani akipanda migomba upya. Alimsikiliza Huka akiungama mpaka mwisho, jembe mkononi. Huka alingoja jembe lile limshukie.

"Hata mimi hunijia kila mchana," mzee akasema, macho mtoni. "Hulowesha kizingiti, huniuliza nani aliyaachia maji mlango. Nami humjibu, mama watoto, sijui."

Akainama, akaufukia mgomba.

"Leo nitamwambia."