Mgeni wa Masikioni

Kabla ya yote ya kutisha, lilitokea jambo la kuudhi tu: unywele.

Vidole aliuona alipokuwa akipangusa vumbi kwenye meza ya mumewe. Ulikuwa umejizungusha kwenye sifongo la hedifoni, mweusi tititi. Alipouvuta ukatoka, ukazidi kutoka, mpaka ukapita urefu wa mkono wake.

Vidole alikuwa msusi, na jina hilo wateja walimpa kwa wepesi wa mikono yake. Nywele alizijua kama muuza vitambaa anavyojua pamba na hariri. Akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Wa bandia hukwaruza, na huu haukukwaruza. Wa mtu una shina upande mmoja na ncha upande wa pili, na huu ulikuwa sawa pande zote mbili. Akaenda nao jikoni akauwashia kiberiti, kama wanavyofanya saluni wakitaka kumuumbua muuza nywele mwongo. Haukuyeyuka wala haukuungua. Ulijikunja ukaukimbia moto kama mnyoo, na jiko zima likanukia asumini.

Mwingine angewaza jini hapo hapo. Vidole aliwaza mwanamke.

"Nani kavaa hedifoni zako?" alimuuliza mumewe aliporudi.

"Nani avae? Wewe mwenyewe hutaki hata kuzigusa."

"Zina unywele."

Mumewe akacheka. "Mke wangu, wewe ndiye unayerudi na nywele za mji mzima kwenye nguo. Unaniuliza mimi?"

Walimwita Waya tangu utotoni, kwa kuwa mifuko yake haikukosa vipande vya nyaya. Sasa alikuwa fundi kompyuta wa kampuni ya bima, na nyumba yao ya ghorofa ya nne ilikuwa imejaa mapenzi yake: droni juu ya kabati, saa inayohesabu mapigo ya moyo, roboti ya kufagia iliyokuwa ikinasa kwenye zulia kila siku, spika ya kuamrishwa kwa mdomo, kamera ya ukubwa wa yai juu ya rafu ya sebuleni. Vidole alikuwa akitania saluni kwamba yeye ana wifi wawili, mmoja dada wa mumewe na mwingine ule unaomulika ukutani, na wote wawili wanajua siri za nyumba yake kuliko yeye.

Lakini hizi hedifoni hazikuwa kama vile vingine. Vingine Waya alivichezea mwezi mmoja akavichoka. Hizi, ambazo hata mpya hazikuwa, zilishika mizizi kichwani kwake. Alikula nazo. Alipiga pasi nazo. Mkewe akianza kusimulia habari za kazini, Waya alitikisa kichwa pale pasipostahili na kutabasamu pale pa kusikitikia.

"Mwanaume akianza kutabasamu peke yake," shoga yake wa saluni alimwambia huku akichanganya dawa ya nywele, "ujue hayuko peke yake."

Maneno hayo yakamwingia Vidole kama mwiba. Alipekua simu ya Waya akaambulia picha za droni. Akanusa mashati yake: asumini, kila kola. Asubuhi moja, Waya akiwa bafuni, alizivaa mwenyewe zile hedifoni ili amsikie huyo hawara. Alisikia mvumo tu, kama wa upepo ndani ya mtungi. Alipokuwa akizivua, ule mvumo ukakatika ghafla, jinsi maongezi yanavyokatika mtu asiyetakiwa akiingia chumbani.

Basi akakumbuka kamera.

Waya alikuwa na siku zake za kufanyia kazi nyumbani. Siku moja ya namna hiyo Vidole aliiegemeza simu yake kwenye kioo cha saluni, akafungua picha ya moja kwa moja ya sebule yake, akaendelea kumsuka mteja, mwalimu mmoja mnene wa kike mwenye maneno mengi. Jicho moja kichwani kwa mwalimu, jicho moja kwenye simu.

Waya alikuwa kwenye kochi, hedifoni kichwani, kompyuta imefunikwa kando. Alikuwa akiongea. Akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka, akaongea tena, na kicheko kile Vidole alikijua, ndicho alichokuwa akichekewa yeye enzi za uchumba. Kisha akaona kwamba mto wa kochi kando ya Waya umebonyea, umebonyea na kukaa hivyo, kama ulivyo mto uliokaliwa, na juu yake hapakuwa na mtu.

Vidole vyake vikasimama katikati ya msuko.

Pale kwenye simu Waya aliinua mkono akaupeleka hewani, karibu na bega lake, na vidole vyake vikaanza kushuka taratibu, vikagawa kisichoonekana mafungu mafungu, vikakilaza, vikakilainisha, vikashuka tena kutoka juu hadi chini kabisa karibu na sakafu, na Vidole, aliyefanya kazi hiyo hiyo maisha yake yote, hakuhitaji kuambiwa kwamba mumewe anachana nywele, nywele ndefu, nywele za mtu aliyemwegemea, na kwamba anazichana kwa upole ambao yeye mkewe hakuwahi kuupata hata siku ya harusi.

Kamera ikaanza kugeuka.

Haikuwa na injini ya kugeukia, Waya mwenyewe alikuwa akiilalamikia kwa hilo. Ikageuka pole pole, ikamwacha Waya, ikapita rafu, ikapita pazia, ikaelekea ukutani palipokuwa na picha yao ya harusi, ikatulia hapo usoni kwa bibi harusi. Sauti ya kike, nyororo, ikatoka kwenye simu:

"Msusi, maliza kazi yako."

"Nani huyo?" mwalimu akauliza, akigeuza shingo.

Vidole alitoka na kitana mkononi, akamwacha mwalimu wa watu amesukwa nusu.

Nyumbani alikuta umeme wa jengo zima umekatika. Lifti imekufa. Akapanda ngazi mbili mbili, roho juu juu, na kila ghorofa aliyopanda harufu ya asumini ilizidi, mpaka alipofika mlangoni ikawa nzito kama moshi. Nje jua lilikuwa linawaka, ndani sebule ilikuwa na kiza cha pangoni, na katika kiza hicho, bila umeme, spika ilikuwa ikiimba. Ulikuwa wimbo usio na maneno, wa kubembelezea mtoto, na roboti ya kufagia, taa zake zote zimezima, ilikuwa ikizunguka kochi pole pole, ikizunguka, ikizunguka, mithili ya mbwa anayelinda.

Waya alikuwa amekaa vile vile, macho ameyafumba. Midomo yake ilikuwa mikavu, mashavu yameingia ndani. Vidole alishangaa amekonda lini. Kumbe miezi yote alikuwa akimchunguza kama mshitakiwa, hakumwangalia kama mgonjwa.

Aliruka roboti akazishika hedifoni. Zilikuwa za moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Akazing'oa.

Waya alilia. Alilia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

"Nirudishie," alinong'ona. "Nakuomba. Atakasirika."

"Nani?"

"Hana jina. Nilizinunua kwa yule anayeuza vitu vilivyotumika. Siku ile ile nikamsikia anaimba." Akamshika mkewe mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. "Sikufanya kitu kibaya, mke wangu. Yeye ananisikiliza tu. Nikimwambia habari za mashine zangu hachoki. Wewe ulishachoka siku nyingi."

Kuogopa jini ni kitu kimoja. Kumwonea jini wivu ni kingine, na Vidole alipata vyote viwili kwa pigo moja.

Wifi yake, yule wa kibinadamu, alifika kesho yake mchana na tabibu, mwanamke mfupi waliyemwita Bi Kikohozi kwa sababu hakumaliza sentensi bila kukohoa. Hakuja na mbwembwe. Aliomba bakuli la maji, akamkalisha Waya sakafuni, hedifoni mbele yake juu ya kitambaa cheupe, akasoma kwa sauti ya chini muda mrefu, mpaka maji kwenye bakuli yakaanza kutetemeka.

"Nani wewe?" Bi Kikohozi akauliza.

Zile hedifoni zikajibu. Sauti ilitoka kubwa kuliko kitu chenyewe. "Mimi ni mwenye mtu."

"Mtu ana mke."

"Ana mke?" Ikacheka, na vioo vya dirisha vikalialia. "Mke aliyekuwa akimpita hapa kama kabati? Aliyempekua mifuko asimpekue moyo? Wa kwanza niliyempenda nilikaa naye mpaka akafa, hakuna aliyebisha hodi. Huyu naye alikuwa mpweke ndani ya nyumba yenye watu. Aliniambia karibu. Mimi sikuvunja mlango."

Vidole aliinua mguu azikanyage zile hedifoni. Wifi yake alimshika kiuno akamvuta nyuma.

"Mimi namsukuma tu," Bi Kikohozi alimwambia Waya. "Wa kumtoa ni aliyemkaribisha. Mwambie: sikutaki, toka."

Waya akazitazama hedifoni. Akamtazama mkewe. Jasho lilimtiririka, na ukimya ule, ambao pengine haukufika hata dakika, ulimkata Vidole kuliko kisu, kwa sababu kila pumzi aliyoivuta mumewe bila kusema ilikuwa ni mizani inayopima, na katika sahani moja alikaa yeye na miaka yake yote ya ndoa, na katika sahani ya pili ilikaa sauti.

"Toka," Waya akasema hatimaye. "Toka nyumbani kwangu."

Zikapasuka. Plastiki ikaruka vipande, pazia likajaa upepo na dirisha limefungwa, mlango wa nje ukajifungua na kujibamiza. Kisha kimya. Harufu ya asumini ilikuwa imekwisha kabisa, nyumba ikanuka vumbi na jasho la watu. Wifi alipiga vigelegele huku analia.

Bi Kikohozi alivifunga vile vipande kwenye kitambaa, na Vidole akamsindikiza hadi kwenye ngazi. Pale akasimama, akakohoa, akasema kwa sauti ndogo:

"Mwanangu, nyumbani kwako katoka. Lakini mumeo nilimpa maneno mawili akasema moja. Sikumsikia akisema hamtaki."

"Si ni yale yale, mama?"

"Tuombe yawe yale yale," Bi Kikohozi akajibu, akashuka.

Na kwa muda yalikuwa yale yale. Waya alinenepa. Vifaa vyake karibu vyote aliviuza, akabaki na simu moja ya kawaida. Jioni alimpokea mkewe mkoba, akamuuliza habari za saluni, akacheka panapochekesha. Vidole naye alijifunza kuuliza habari za mashine na kungoja jibu, hata lisilomwingia akilini. Yule mwalimu mnene alirudi kumaliziwa kichwa chake, akasema, "Siku hizi unang'aa, kulikoni?" Vidole akacheka tu. Alikuwa ameshinda, na mshindi hana haja ya maelezo.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, walikuwa wamekaa wawili. Watoto wa majirani walikuwa wakipiga mpira uani, jua limejaa sebuleni. Waya alisinzia, kichwa mapajani mwa mkewe, mkono wake ndani ya mkono wa Vidole. Vidole alimtazama akajawa na huruma na mapenzi, akainama sikioni kwake.

"Mume wangu," akamwita. "Wangu peke yangu. Unanisikia?"

Macho ya Waya hayakufunguka. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa usingizi ule ule mzito. Lakini vidole vyake vikaubana mkono wa mkewe, vikaubana mpaka mifupa ikalia, midomo yake ikaachana taratibu, na sauti ya kike, nyororo, ikatoka humo.

"Amelala, mke mwenzangu. Punguza sauti."