Hilaire Ndani ya Majani

Jumamosi ile mvua ilitufungia ndani. Nilikuwa kwa jirani yangu Ursule, hapa Kisangani, karibu na maporomoko, tunachambua pondu, majani ya muhogo. Ursule ni mjane, anaishi kwenye nyumba ya kaka zake. Binti yake Chimène alikuwa sebuleni akicheza ule mchezo wa mpira kwenye televizyo. Aliuleta mjomba wake Hilaire, na watoto wakampa mchezaji mmoja jina lake. Namba tisa. Hilaire alikuwa mvuvi; homa ilikuwa imemchukua mwezi mmoja kabla.

"Maman," Chimène aliita, polepole. "Namba tisa hakimbii."

Tukaenda kuangalia. Wengine walikimbia. Hilaire alisimama, amezama katika majani ya uwanja hadi kiunoni. Mikono juu. Hana kitu mikononi, lakini anavuta.

Msiniambie mashine zinaharibika. Najua zinaharibika! Ungekuwa mchezo mgeni, tungecheka. Lakini huu tuliujua kama ua wetu wenyewe. Tulijua kila mmoja anavyokimbia, anavyoanguka. Ni kama mume wako ameingia jioni, amekaa kwenye kiti chake kama kawaida, na magoti yake yanakunjika kwa nyuma.

Chimène alizima. Akawasha. Kiunoni. Anavuta.

"Tonton iko navuta kitunga," mtoto akanong'ona, macho kwa mjomba wake.

Constant, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amesimama mlangoni. Uso wake ukageuka majivu.

"Kitunga gani? Ursule, ule mutoto wako iko ndoki, mchawi! Ni yeye alikula Hilaire. Leo naita pasteur, na hapa nyumba hatalala."

Ursule akaanza kulia. Kulia! Mimi nikachukua mchi wa pondu.

"Constant, acha mtoto. Kwetu sisi wavuvi wa maporomoko, mtu akifa, kitunga chake cha kuvulia kinatolewa majini kabla hajazikwa, ili aache kazi apumzike. Cha Hilaire kiko wapi?"

Akaangalia viatu vyake.

"Kiko wapi, mjinga wewe?"

"Maman Josée... samaki walikuwa naingia sana."

Mwezi mzima alitulisha jasho la maiti, halafu alitaka kumtupa mtoto wa watu barabarani.

Nilimsukuma hadi mtoni, nikimtukana njia nzima. Akapanda kwenye miti ya kuvulia iliyosimikwa majini, akavuta kamba. Kitunga kile huvutwa na wanaume wawili. Kilikuja chepesi. Haraka. Kama kuna mtu chini, anasukuma.

Hakikuwa na samaki. Kilikuwa na majani. Mafupi, ya kijani, yamekatwa sawasawa. Mtoni hapaoti majani ya namna ile.

Tuliporudi, Chimène alikuwa bado mbele ya televizyo.

"Ametoka," alisema.

Namba tisa hayuko. Timu inacheza ikiwa na watu kumi. Jina lake bado limeandikwa.

Hadi leo Constant hajamwomba mtoto msamaha. Eti ilikuwa mashine. Bon. Basi aje anieleze: pale Hilaire aliposimama, kuna doa la maji kwenye kioo cha televizyo. Nalifuta mimi mwenyewe kila nikipita. Halitoki, maana liko upande wa ndani.

Lakini kitambaa changu kinalowa.