Mkwe Aliyedhaniwa Anatafuna Muguka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi, Timau. Watu wote langoni mwa shamba la mboga walikuwa wamevaa makoti mazito na kofia za sufu. Njeru alikuwa na fulana, na fulana hiyo ilikuwa imelowa jasho kifuani.

Makandi alikuwa ametoka zamu ya usiku katika chumba baridi, mahali anapokagua mboga za kusafirishwa nje. Alimkagua mchumba wake kwanza, akamsalimu baadaye.

"Umekimbia kutoka Embu?"

"Nimekuja na gari kama watu. Kwani hapa hakuna hewa? Naungua."

"Njeru, hapa ni Timau. Hata ng'ombe wanatetemeka."

"Basi ukinioa utakuwa umepata jiko la bure."

Makandi alicheka, akampeleka kibandani wakanywe chai. Njeru alimaliza chapati nne kabla yeye hajamaliza moja. Hata hivyo, mkanda wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na suruali bado ilimshuka. Alipoinua kikombe, chai ilimwagika pande zote mbili.

"Nikuulize kitu, na usikasirike."

"Uliza, mpenzi."

"Umeanza kutafuna muguka?"

"Nani, mimi?"

"Hulali, unatetemeka, umekonda. Macho yamekutoka kama mtu aliyekutana na fisi. Mimi nimelelewa na muuza miraa, Njeru. Hayo macho nimekua nikiyaona."

"Sijawahi kutia jani lolote mdomoni isipokuwa sukumawiki!"

Alipaza sauti hadi mwenye kibanda akageuka. Njeru mwenyewe alishtuka.

"Samahani. Sijui nina nini siku hizi. Hata wateja nawafokea. Fundi wa simu ambaye hawezi kushika skrubu ni fundi wa nini?"

Makandi aliujua muguka, majani ya Embu yanayotafunwa kama miraa na kumkosesha mtu usingizi. Tangu mwezi wa kwanza wa uchumba wao alikuwa amemwambia jambo moja: hataolewa na mtafunaji. Alikuwa amewaona wake wa wateja wa babake wakija mlangoni kuomba waume zao wasiuziwe tena. Na wiki mbili baadaye, jamaa za Njeru walikuwa waje kutoka Kanja, Embu, hadi kwao Kinoru, Meru, kumposa.

Jioni hiyo babake, Thuranira, alipiga simu.

"Mwari wakwa, binti yangu, ile picha uliyomtumia mama yako nimeiona. Huyo kijana anatafuna."

"Anasema hatafuni, Baba."

"Wote husema hivyo. Nimeuza miraa miaka thelathini. Jicho la mtafunaji nalijua hata likiwa limefumba."

"Na wewe si ndiye unawauzia?"

"Nauza, sitafuni. Na zaidi ya hapo, yeye ni mtu wa Embu. Huo wake ni muguka! Kama angetafuna miraa yetu ya Meru, angalau tungekaa chini tuzungumze."

"Baba!"

"Mlete Jumapili ale chakula hapa. Nitamkagua mwenyewe. Nikiona jani, watu wake wabaki Kanja."

Makandi alimwandikia Njeru ujumbe.

"Baba anakuita Jumapili. Anasema unatafuna."

"Nitakuja."

"Huogopi?"

"Naogopa. Lakini nina njaa pia. Mama yako anapika nini?"

Jumapili, saa saba mchana, Njeru aliketi kwenye sebule ya Kinoru, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Mama yake Makandi, Karwirwa, alileta mukimo wa njahi, viazi vilivyopondwa na maharagwe meusi, pamoja na kuku wa kienyeji. Thuranira alikaa mkabala na mgeni, mikono kifuani, bila kugusa chakula chake.

Sahani ya kwanza iliisha. Ya pili ikaisha. Karwirwa alipakua ya tatu huku akitabasamu, kwa kuwa hakuwahi kusifiwa namna hiyo bila kuambiwa neno. Thuranira alianza kukunja uso.

"Kijana, fungua mdomo."

"Mzee?"

"Fungua. Toa ulimi."

Thuranira aliwasha tochi ya simu, akainama.

"Baba Makandi, huyo ni mkwe. Si ng'ombe wa mnada," Karwirwa alisema.

"Nyamaza kidogo, mama. Ulimi msafi. Shavu halijachubuka. Meno meupe kuliko yangu." Alizima tochi, akakaa. "Huyu hatafuni."

"Baba, si ulisema macho unayajua?" Makandi aliuliza.

"Macho ni ya mtafunaji, tumbo si lake. Mtu aliyetafuna hasikii njaa. Wateja wangu wakiona nyama wanageuza uso. Huyu ameomba sahani ya tatu."

"Sikuomba, Mzee. Nimepewa."

"Umeitazama sufuria kwa namna ya kuomba."

Walicheka wote, isipokuwa Makandi. Kama si muguka, basi kulikuwa na sababu nyingine, na hakuna aliyekuwa akiitafuta.

"Nipe mkono," alimwambia Njeru.

"Unaniposa wewe sasa?"

"Nyamaza, nahesabu."

Alishika kifundo cha mkono wake na kutazama saa ya ukutani kwa dakika nzima.

"Mapigo mia moja na kumi na nane. Umekaa kitini zaidi ya saa nzima."

"Moyo unajua uko karibu na nani."

"Na unapolala?"

Njeru aliacha mzaha. "Hata nikilala. Nausikia masikioni. Nilidhani ni wasiwasi wa kuja kuposa."

Makandi alifungua simu yake, akaweka picha ya Pasaka ya mwaka uliopita kando ya uso wa Njeru. Kwenye picha, kope za juu zilifunika sehemu ya duara jeusi la jicho. Sasa weupe ulionekana juu ya duara hilo, hata Njeru alipokuwa ametulia.

Karwirwa alisogea. "Kunywa maji, mwanangu. Meza polepole."

Njeru alimeza. Chini ya koo, uvimbe laini ulipanda na kushuka.

"Mmeona hapo?"

"Shangazi yangu Susan, yule wa Kanja, aliwahi kuvimba hivyo," Njeru alisema. "Walisema ni goita. Alitibiwa, siku hizi anachuma majani chai kuliko mimi."

"Mbona hukuniambia?" Makandi aliuliza.

"Hukuuliza habari za shangazi. Uliuliza habari za muguka."

Jumatatu walikwenda hospitalini mjini Meru. Daktari Wanjira alimwambia Njeru anyooshe mikono, akaweka karatasi juu ya vidole. Karatasi ilitetemeka. Alipapasa shingo, akasikiliza moyo, akaagiza damu ipimwe. Alhamisi majibu yalikuwa mezani.

"Tezi ya shingo yako, inayoitwa thairoidi, inatoa homoni kupita kiasi," daktari alisema. "Ndiyo maana unasikia joto, unakula na kukonda, unatetemeka, hulali, unakasirika haraka na moyo unakimbia. Jina lake ni ugonjwa wa Graves."

"Nani ameiambia tezi ifanye hivyo?"

"Kinga yako mwenyewe. Kazi yake ni kukulinda, lakini imetengeneza chembe zinazoichochea tezi bila kupumzika. Zimeonekana kwenye damu. Ugonjwa huu hujirudia katika baadhi ya familia, ingawa wanawake huupata zaidi."

"Daktari, muguka unaweza kuleta majibu haya?" Makandi aliuliza.

"Muguka unaweza kumkosesha mtu usingizi na kuupeleka moyo mbio. Hauwezi kuleta majibu haya."

"Anaweza kupona?"

"Anatibika. Dawa hizi za kupunguza homoni atameza mwaka mmoja na nusu hivi. Hizi ni za kutuliza moyo kwa sasa. Njeru, ukipata homa au koo likakuuma, usinywe dawa ya duka. Acha hizi za homoni, uje siku hiyo hiyo tupime damu. Macho nayo tutayafuatilia. Unavuta sigara?"

"Hapana."

"Usianze. Sigara huyaharibu macho ya ugonjwa huu."

Nje ya hospitali Njeru alisimama.

"Makandi, nikwambie ukweli. Mwaka na nusu wa vidonge, na baada ya hapo hakuna anayejua. Ukitaka kusimamisha mambo, nitawaambia watu wangu mimi mwenyewe."

"Ulinidanganya popote?"

"Hapana."

"Nilikataa mtafunaji. Sikukataa mgonjwa."

"Unasema hivyo kwa huruma."

"Nasema hivyo kwa sababu nimesoma majibu. Mimi ndiye niliyekutuhumu bila kupima chochote, nami nakuomba msamaha. Sasa tukanunue dawa."

Njeru alicheka hadi akaketi kwenye ngazi. Alipoinuka, alimkumbatia mbele ya askari wa lango, naye Makandi hakumzuia.

Simu ya Makandi iliita. Alikuwa Karwirwa.

"Majibu ni yapi?"

"Ni tezi, Mama. Inatibika."

"Asante Mungu! Ngoja nimwambie baba yako. Aliyemsingizia mkwe anachinja kondoo."

Sauti ya Thuranira ilisikika nyuma yake: "Kondoo wa nini? Si mimi niliyemsafisha jina?"

"Baada ya nani kulichafua?"

"Basi, mdogo!"

"Mkubwa, Baba Makandi."

Ugeni ulisogezwa mbele ili Njeru apate nguvu. Wiki ya saba ya vidonge alipimwa tena. Homoni zilikuwa zimeshuka hadi kiwango cha kawaida, na mizani ilionyesha ameongeza kilo nne. Daktari Wanjira alipunguza dozi na kusisitiza asiache vidonge kwa kujiona mzima.

Jumamosi iliyofuata, saa sita mchana, jamaa za Njeru walifika Kinoru wakiimba. Shangazi Susan alitangulia, akiwa amebeba kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama desturi ya Wameru inavyotaka. Thuranira aliinama, akakinusa bila kukishika.

"Hii mmenunua kwa nani?"

"Kwa mtu wa sokoni, Mzee," Susan alijibu.

"Mmeibiwa! Hii ni ya juzi. Mngeuliza, ningewauzia mimi."

"Tukulipe wewe ndipo tukuletee wewe?"

Nyumba nzima ilicheka. Wazee walizungumza, wakabishana, wakakubaliana. Kisha Thuranira alimwita binti yake, akamsimamisha mbele ya wageni.

"Makandi, watu hawa wa Embu wamekuja kwa ajili yako. Nisipoambiwa na wewe, sishiki chochote. Nipokee, au wairudishe Kanja?"

"Pokea, Baba."

"Umefikiri?"

"Nimefikiri."

Saa nane na dakika ishirini mchana, Thuranira alipokea kitita kwa mikono miwili, na wanawake wakapiga vigelegele.