Kabla ya Shahada

Mvua ya Mbeya haibishi hodi. Ilishuka na mawe yake juu ya mabati ya Mwanjelwa, na kila aliyekuwa sokoni akakimbilia duka lililo karibu. Ndivyo Kalinga, fundi wa mifereji ya mpunga kule Madibira, alivyojikuta katikati ya majora ya vitambaa akiwa na mabuti yake ya matope, akitazamwa na msichana mwenye baibui la zambarau na mtandio wa njano.

"Kaka, hapo umekanyaga kitenge cha watu."

"Samahani, dada. Mvua itakatika sasa hivi."

"Mungu akipenda."

"Na asipopenda?"

"Basi utakifua hicho kitenge huku unasubiri."

Kalinga akacheka. Hapo ndipo alipokosea. Mapenzi hayana chanjo, na wengi wetu tumeyapata kwa kucheka mahali tulipotakiwa kununua na kuondoka.

Akarudi kununua shuka asilolihitaji, kisha la pili. Mvua za mwaka uliofuata zilimkuta yule msichana, Ruwaida, akimwita "laazizi" kwenye simu, kwa ile sauti ya bibi zake wa pwani, naye Kalinga akimwita "mkuu wa wilaya" kwa jinsi alivyopenda kuamuru. Kwamba Kalinga hamwamini Mungu yeyote, Ruwaida alijua mapema. Aliambiwa na mwenyewe, wakila samaki wa Matema. Hakukimbia. Ataamini tu, alijiambia, kama watu wanavyojiambia kuhusu walevi.

Siku Kalinga alipokwenda kuposa, Mzee Muharami, baba yake Ruwaida, hakumfukuza. Alimmiminia chai ya tangawizi mpaka ukingoni.

"Mwanangu, mlango uko wazi. Ijumaa utamke shahada msikitini, Jumapili nawafungisha ndoa. Usipotamka, nisikuone tena dukani kwangu, wala nisisikie unampigia binti yangu."

Jioni ile Ruwaida alipiga simu akiwa na furaha zake.

"Laazizi, mbona umepoa?"

"Nafikiria."

"Unafikiria nini? Mkristo akisilimu kuna kitu anakiacha. Wewe unaacha nini? Kwako si maneno tu?"

"Na wewe? Kama si kumwogopa baba na ule moto mliotishiwa madrasa, tungefunga ndoa bomani wiki hii."

"Kumbe ndivyo unavyoniona."

"Kumbe ndivyo unavyoniona wewe."

Simu ikakatika. Kalinga akapiga, haipatikani. Akapiga akiwa juu ya mfereji, akapiga akiwa na mkate mdomoni, haipatikani. Akapanda basi kwenda Kihesa, Iringa, kwa mama yake, na njiani akaandika ujumbe mmoja: *Nitatamka.*

Ruwaida aliusoma akiwa anampimia mteja kitenge. Ilikuwa haki yake kupiga vigelegele. Badala yake mkasi ukaenda upande.

Kule Kihesa, mama yake Kalinga, Mama Yusta, mzee wa kanisa la Kilutheri, alikuwa uani akipepeta maharage.

"Kamwene, mama," Kalinga akamsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene. Sema, umekonda."

Akasema yote. Mama hakuacha kupepeta.

"Kipaimara ulikikataa," alisema mwishowe. "Mchungaji yupo, suti imeshonwa, mbuzi kachinjwa. Ukasema, mama, siwezi kusimama mbele ya watu niseme naamini wakati siamini. Nililia, nikakupigia magoti mimi niliyekuzaa. Ukakataa. Leo kwa huyo binti utaweza?"

"Nikimkosa sijui nitaishije, mama."

"Hayo sijakuuliza. Nipe namba yake. Sitamtukana."

Ijumaa ikafika na ukungu wake. Kalinga alisimama kwenye ngazi za msikiti, kanzu ya kuazima ikimwishia juu ya vifundo. Viatu alishavivua. Midomo ilimkauka kwa kurudia yale maneno ya Kiarabu, na kila alipoyarudia yalimkwama pale pale.

"Usiingie."

Ruwaida alikuwa nyuma yake, amejifunika mtandio mweupe, macho yamevimba.

"Mkuu wa wilaya, si ndicho ulichoamuru?"

"Usinitanie leo. Mama yako alinipigia. Kanisimulia habari ya kipaimara." Akashusha pumzi. "Nilidhani asiyeamini maneno hayamuumi. Kumbe wewe yanakuuma kuliko wengi wanaoyasema kila siku."

"Nitayasema. Nimeamua. Ndoa utaipata."

"Ndoa gani, Kalinga? Ukitamka bila kuamini, mimi nitakuwa nalala na mwanamume asiye mume wangu. Mungu anajua, wewe unajua, mimi najua. Wa kudanganyika ni baba peke yake."

Kalinga akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana.

"Nilidhani unamwogopa yeye."

"Baba? Baba namzungusha tangu niko darasa la tatu. Kama shida ingekuwa baba, bomani tungeshakwenda."

Mzee Muharami akatokea mlangoni, tasbihi mkononi. "Mbona mko nje? Imamu anasubiri."

Ruwaida alifumba macho. Kalinga alihisi baridi ya saruji ikimpanda miguuni.

"Mzee, sitatamka. Siamini. Ningetamka ningekudanganya wewe, na ningemharibia yeye."

Mzee alimtazama binti yake, akaitazama ile kanzu fupi.

"Basi ndoa hakuna," alisema taratibu.

"Najua, mzee."

"Wangapi wametamka hapa, tukawaozesha, na sijawaona tena msikitini hata Idi." Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Ile marufuku ya dukani hakuirudia, wala hakuifuta.

Adhana ilianza. Wanawake wakapita kuelekea mlango wao wa pembeni, Ruwaida akarudi nyuma hatua moja.

"Nikitoka nitakukuta?"

"Utanikuta."

"Baba hajakubali kitu."

"Nimesikia. Utanikuta."

Ruwaida akamtazama usoni kidogo tu. Halafu akaenda kuswali, wala hakugeuka nyuma kuhakikisha.