Kiti cha Ndanu

Kila asubuhi Kavata alimbeba bintiye Ndanu mgongoni hadi chooni. Ndanu alikuwa na miaka saba. Polio ilikuwa imedhoofisha miguu yake, na mgongo wa mama ulikuwa umeanza kulalamika.

Zamani gari la kituo cha watoto wenye ulemavu lilikuja mtaani kwao, Umoja, kumchukua Ndanu kwa mazoezi. Kisha wafadhili wa kituo wakapunguza msaada. Gari likaacha kuja, wafanyakazi wakaachishwa kazi. Wakubwa walikata kwa kalamu tu, lakini mzigo ukamwangukia Kavata.

Mumewe, Mativo, alikuwa mchonga vinyago. Kwa uchungu wa mzazi alimchongea bintiye kiti, na kwenye kila mkono wa kiti akachonga twiga. Majirani walikuja kukitazama. Ndanu alikikalia tangu chai ya asubuhi hadi ugali wa jioni, na wazazi wakadhani wamemaliza kazi. Kumbe!

Siku moja Kavata alitaka kumvisha Ndanu vyuma vyake vya miguu vya kumsaidia kusimama. Magoti yalikataa kunyooka. Ndanu akalia. Kavata naye akalia, maana aliogopa mtoto hatasimama tena.

Alimwita jirani yake Nakhumicha, aliyekuwa msaidizi wa mazoezi kituoni kabla ya kuachishwa kazi.

"Dada, goti limekuwaje? Na vile namkalisha vizuri!"

Nakhumicha alilishika goti polepole. "Hiyo ndiyo shida, Mama Ndanu. Goti likikunjwa siku nzima, misuli inakuwa mifupi. Kiti ni cha kulia chakula, si cha kukalia mchana kutwa."

Mativo akanuna. "Kwa hivyo kiti changu ndicho kimemuumiza?"

"Shemeji, mikono yako tunaihitaji. Lakini sasa mtengenezee kitu cha kumsimamisha. Miti miwili mirefu ya kushika, ilazwe sambamba, imfike kiunoni."

Kisha akawaonyesha. Ndanu alale kifudifudi asubuhi na jioni. Goti linyooshwe taratibu, bila kulazimisha.

"Akiumia, acheni, mumpeleke kliniki. Na Baba Ndanu, wewe pia umfanyishe mazoezi. Anayebeba naye huchoka."

Jioni hiyo hiyo Mativo alichimbia vigingi uani, akalaza miti miwili juu yake, akailainisha isimchome mtoto. Baada ya hapo mazoezi ya jioni yakawa yake. Haba na haba, magoti yakalegea, vyuma vikaingia. Wazazi wengine waliokuwa wakitegemea lile gari wakaanza kuleta watoto wao Jumamosi, Nakhumicha akawafundisha. Pamoja walikwenda kituoni kudai gari. Halijarudi bado, nao hawajanyamaza.

Asubuhi moja Ndanu alishika miti, akasimama.

"Mama, keti."

"Niketi wapi, na vyombo vinaningoja?"

"Kwenye kiti changu. Nataka uniangalie."

Kavata akaketi katikati ya twiga wale wawili. Mgongo wake ukaegemea mbao. Ndanu akapiga hatua, akapiga nyingine, akifuata miti ya baba yake hadi mwisho.