Mama Beno Hanywi Maji

Mke wangu Leticia aliuza mitumba Kariakoo, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Tushar. Ilikuwa mwaka 1993, na marobota ya nguo yaliingia kila siku. Biashara haikuwa mbaya. Mbaya alikuwa Leticia!

Nasema kweli, nilikuwa nimechoka. Wakati wa kipupwe, mwezi wa saba, alikuwa mcheshi, anaimba huku akikunja mashati. Joto la Desemba lilipoingia, akabadilika. Akirudi jioni, kichwa kinamuuma. Ukimsalimia, kosa. Ukinyamaza, kosa. Mtoto wetu Beno akimwaga chai, mama yake analia. Chai tu! Nikamwambia apunguze hasira. Akazidisha.

Siku moja mteja aliuliza bei mara mbili. Leticia akamnyang'anya shati. "Kama huna hela, nenda zako!"

Mama Tushar akatoka dukani amefura. "Leticia, mimi nimechoka. Unanifukuzia wateja. Jumamosi mwisho, tafuta baraza lingine."

Baraza lingine, Kariakoo! Utalipata wapi? Kesho yake sikwenda kazini bandarini. Nilikwenda kumwomba Mama Tushar radhi. Pale barazani nikamkuta nesi Zamzam, jirani yetu wa Msimbazi, anachagua nguo za mtoto.

"Shemeji, mbona mkeo midomo imemkauka hivi?" Zamzam aliniuliza. Akamgeukia Leticia. "Mama Beno, tangu asubuhi umekunywa nini?"

"Chai. Kikombe kimoja, na andazi."

"Na sasa ni saa tisa! Maji je?"

"Sinywi maji kazini."

"Jua lote hili? Kwa nini?"

Leticia alinitazama. "Muulize shemeji yako."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mwaka uliotangulia alikwenda choo cha sokoni, akakuta foleni. Aliporudi, suruali nne zilikuwa zimeibiwa. Nilimfokea wiki nzima. Nikamwambia asiondoke tena hapo mpaka jioni. Basi akaacha kunywa maji, ili asihitaji choo. Mimi nilikuwa nimeshasahau.

Zamzam alikuja juu. "Mwili ukikosa maji kwenye joto, kichwa kinauma, mtu anachoka, hasira zinakuwa karibu. Njaa nayo inaongeza. Halafu mnasema ana roho mbaya! Anywe maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kutwa nzima. Mchana ale wali, maharage, mchicha, na chungwa. Akiendelea hivi hivi wiki mbili, mlete zahanati tumpime malaria na damu."

Mama Tushar alikuwa anasikiliza mlangoni. Akashika kiuno. "Choo kiko nyuma ya duka langu! Miaka miwili unakaa hapa, mbona hukuuliza?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Na kugombana na wateja wangu, huoni aibu?"

Leticia akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kipupwe.

Jumamosi ilifika, na hakuna aliyehama. Dumu la maji lilikaa chini ya meza. Leticia akienda chooni, Mama Tushar aliangalia nguo. Siku zangu za mapumziko nilikaa mimi. Kichwa kikaacha kumuuma, na Beno akamwaga chai tena bila mtu kulia.

Siku moja ya joto kali, mteja aliniuliza bei ya shati mara ya tatu. Nikafungua mdomo nimfokee. Leticia akaniwahi na kikombe cha maji.

"Baba Beno, kunywa kwanza."

Nikanywa chote.